Siku Niliyomwandikisha Mama Yako Mjane

Kwa mwanangu Bakari, fundi wa milango, ambaye hivi niandikavyo namsikia chumba cha pili akigombana na kufuli la kasha lake. Salamu nyingi, na afya, na kila jema analoombewa msafiri. Hali zetu unazijua, umekula nasi mchana huu huu.

Utasema, baba ana nini leo, mtu yuko hatua kumi naye anamwandikia barua? Maneno haya nimejaribu kuyasema kwa mdomo tangu Jumatatu. Kila nikianza nageuka nasema habari za mbao. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama usoni. Alasiri nimekwisha kuswali, nimekaa barazani na kibao cha kuandikia mapajani, na mama yako yuko jikoni anakuchomea mikate ya mofa ya safari. Ya kula, ya kuvaa, ya kufunga mlango vizuri na ya kutokopesha kila anayekuchekea, yeye keshakwambia mpaka umeshika masikio. Mie nina moja tu, nalo refu.

Jumatatu karani wa kodi alipopita mtaani, wewe ulikuwa umekwenda Muyeye kutazama mbao. Akafika kwenye nyumba yako mpya, makuti yake hata hayajabadilika rangi, akauliza ya nani. Nikamwambia ya mwanangu Bakari bin Saidi, yupo, yu hai, na hizi hapa rupia zake. Akaandika, akanipa cheti. Jioni uliporudi nikakueleza, na wewe ukacheka. Ukasema, "Ah, baba, umezitupa! Ungesema mie mtu wa Tanga. Na huko Tanga nitasema mie mtu wa Malindi. Nani atavuka bahari kwenda kuuliza?"

Mwana weye, mkono ulikuwa tayari kukuzaba kofi. Kilichouzuia ni kwamba maneno yale niliyajua. Yalikuwa yangu mie, na wala sijui uliyaokota wapi. Mama yako aliinuka akaingia ndani. Wewe ulidhani kaenda kutazama chungu.

Najua unakumbuka vipande. Unakumbuka kanzu, unakumbuka kuku, na unakumbuka baba yako kulala nje kama mtu aliyefukuzwa. Vipande hivyo watu wamekuunganishia kwa mizaha yao, kila mmoja na yake, nami nimenyamaza miaka yote kwa aibu. Kesho unakwenda kuishi kama nilivyoishi mie, huku kidogo na kule kidogo, basi chukua na hadithi nzima.

Ulikuwa na miaka minane. Mwaka wangu nilikuwa nimeukata mapande matatu. Miezi sita nilikuwa Tanga kwa Mdachi, ambako majumba ya mawe yalikuwa yakipanda kila wiki na mwashi hakosi kazi. Miezi miwili mitatu Unguja, kupiga lipu kwenye nyumba za matajiri. Iliyobaki hapa Malindi kwa Mwingereza, kula na kulala na kumsumbua mama yako. Nilijiona bwana mkubwa, mtu wa bendera tatu. Kila serikali ilinipata kidogo tu, nami nikaona hata hicho kidogo wanakipata bure, wasiniongezee na kodi.

Tanga nilijijengea kibanda cha kulala karibu na kazi. Serikali ya kule ilikuwa ikihesabu vibanda, na mtu wa akida, mkusanya kodi wao, akanifikia. Nikamwambia, "Mie mgeni hapa, kodi nalipa kwetu Malindi." Akasema, "Vyema. Mwakani njoo na cheti cha kwenu." Nikamwitikia kwa adabu zote, naam bwana, bila shaka bwana. Rafiki yangu Kombo, Mdigo wa Vanga niliyekuwa nikichanganya naye chokaa, alinitazama tu. Yeye cheti cha kwao alikuwa nacho, amekikunja amekishonea ndani ya kofia, na nilikuwa nikimcheka kila siku kwamba kichwa chake kinamjua Mwingereza kuliko mwenyewe.

Nikarudi nyumbani. Mwaka ule ndio kwanza hesabu ya nyumba ilifika mtaa wetu. Asubuhi hiyo nilikuwa nje napiga lipu ukuta wa mbele, shuka kiunoni, mikono myeupe kwa chokaa. Akaja karani na daftari lake na askari mmoja. Kijana mgeni, hakunijua mie wala babu yangu.

"Nyumba hii ya nani?"

"Ya bibi aliyemo ndani."

"Na mumewe?"

Bakari, hapo ndipo. Ilikuwa dakika moja, na wallahi nimeirudia usiku na mchana kwa miaka kumi mizima. Nilikuwa na rupia mbili kwenye pindo la shuka, zilikuwa zinanigonga paja kila nikiinama. Si kwamba sikuwa nazo. Lakini nilikuwa nimekwisha kusikia kwamba mudiri wetu wa siku zile, mkubwa wa makarani hawa, akiwaonea huruma wajane wasio na kitu, akiwaacha. Ujanja ukanipanda kichwani.

"Hana mume," nikasema. "Mjane."

"Na wewe?"

"Mie fundi tu. Nimeitwa kupiga lipu."

Akakutazama wewe. Ulikuwa umekaa kizingitini unatafuna muwa, maji yanakutiririka kidevuni. Akauliza, "Na huyu?"

Nikasema, "Yatima, maskini."

Ukaacha kutafuna. Neno lile maana yake uliijua, chuoni kwa mwalimu wa Kurani mlikwisha kufundishwa. Ulinitazama ukingoja nicheke, ili ujue ni mzaha. Nami sikucheka, nikakukonyeza tu, kisha nikageukia ukuta wangu. Karani akaandika akaenda zake.

Nyumba ile niliijenga mwenyewe, udongo wake niliukanyaga kwa miguu hii, na ningefaa kujua kwamba ukuta wake haufichi hata kikohozi. Mama yako alikuwa nyuma ya mlango na upawa mkononi. Alisikia yote. Mchana akanipakulia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akanitilia na maji ya kunawa, nami nikala nikashiba nikadhani amekubali. Hata nilimwambia, "Umeona nilivyomaliza kazi?" Akasema, "Nimeona." Mtu mwenye akili angeogopa hapo hapo. Siku ya tatu nikasafiri, na nilipomuaga aliniambia neno moja: "Buriani." Siku zote huniambia nenda salama.

Tanga kazi ilikuwa tele. Miezi miwili haikutimia, mtu wa akida akaja. "Fundi, cheti cha kwenu?" Nikaanza kujipapasa, mara kimesahaulika, mara kimelowa maji safarini. Akasema haidhuru, Tanga watu wa Malindi hawakosekani, tuite mmoja akushuhudie kwamba una nyumba kule na unailipia. Nikafurahi. Akaitwa mtu wa Mambrui, muuza tumbaku, aliyefika wiki ile ile. Mie sikumjua kwa sura, lakini kwetu sisi nani hamjui nani?

Wakamuuliza, "Unamjua Fundi Saidi bin Omari wa Malindi?"

Akasema, "Innalillahi! Yule mwashi? Yule amefariki. Mkewe nimeacha amekaa eda."

Bakari, sijapata kupigwa kofi kubwa kama lile, na mtu wa watu hakuninyanyulia hata kidole. Nikasema, "Mimi ndiye!" Akanitazama kwa huruma, akamwambia mtu wa akida kwamba yeye marehemu hakuwahi kumwona, ila habari ya eda ni kweli, kaisikia mpaka sokoni. Sasa ikawa mie si mtu wa Malindi tena, ni mwizi wa jina la marehemu. Wakamgeukia Kombo. Kombo, Mungu amjaze heri, hakuweza kusema uongo. Alisema, "Kazi yake naijua. Kwao sikujui." Nilimkasirikia siku nzima. Baadaye nilimshukuru, maana angesema neno ambalo hakulijua tungekamatwa wote wawili.

Basi nikawa mtu wa kibanda asiye na cheti, na adhabu ya mtu huyo kule wakati ule ilikuwa kuitumikia kodi yake. Nikapelekwa kuvunja mawe ya barabara pamoja na wengine. Mwezi mzima. Mie, fundi niliyekuwa nikiwachagulia watu mawe ya nyumba zao, nikawa navunja kokoto juani, mikono inapasuka. Kila jioni Kombo alikuja na muhogo na samaki mkavu amefunika kwa jani, anaketi mpaka nimalize, kisha anachukua jani lake anaondoka. Hakuniambia hata siku moja kwamba alijua itakuwa hivi, na angeweza. Ndiye pia aliyenipa nauli ya kurudi. Ukifika Tanga umtafute, bado yuko. Umbusu mkono na umwambie ni kutoka kwangu.

Kilichonisumbua kwenye yale mawe hakikuwa jua. Nilikuwa nikijiuliza eda ya nini. Nilihisi labda mama yako kapata habari za uongo kwamba nimezama, na moyo ulikuwa ukiniuma kwa ajili yake. Sikuunganisha. Wallahi, mwezi mzima nilivunja mawe bila kuunganisha lile neno nililomwambia karani na ile eda. Ndivyo mtu anavyojisamehe haraka.

Chombo kilinishusha Kilifi, nikaenda kwa miguu. Matsangoni nikakutana na Katana, yule Mgiriama niliyemjengea kisima. Alikuwa njiani na jembe begani. Alisimama akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha badala ya kukimbia akakasirika.

"Fundi, wewe hukufa?"

"Sikufa, Katana."

"Basi kuku wangu? Mimi nilipeleka kuku matangani kwako, tena jike!"

Nikamwahidi kwamba nikimkuta nitamrudisha. Akaniambia niache, lakini alibaki akitikisa kichwa mpaka nilipopotea. Nilipofika uwanjani kwetu jambo la kwanza nililoliona lilikuwa kuku wa Katana, ametulia kwenye tenga, anataga.

Mlangoni alikaa Bi Rukia, somo wa mama yako, yule aliyemfunda alipoolewa. Amejaza mlango mzima. Nikasema hodi. Akasema, "Nani?" na ananiona. Nikamwambia shikamoo somo, ni mie Saidi. Akasema, "Mwenye eda haonani na wanaume wa nje. Kama una pole zako zitie hapa nitamfikishia."

"Somo, mimi ndiye mumewe!"

"Mumewe hayupo. Daftari la serikali limeandika. Labda wewe ni yule fundi wa lipu."

Hapo ndipo nilipounganisha. Nikakaa chini kwenye mchanga, pale pale unapopita wewe kila siku. Kwa mlango ulio wazi kidogo nikamwona mama yako ndani, kavaa nguo nyeupe, hana wanja, hana hina, hana hata kipini puani, kioo amekifunika kitambaa. Anashona kofia. Hakuinua uso.

Halafu ukatokea wewe kutoka chuoni. Ulikuwa umevaa kanzu mpya, ndefu kidogo, nami nikafurahi kwa sekunde moja kwamba mama yako amepata pesa za kanzu. Ulisimama mbele yangu. Ukaunyosha mkono taratibu ukanigusa ndevu, kisha shavu, kisha ukaurudisha mkono nyuma. Ukauliza, "Baba, ulikufa ukarudi, au hukufa?"

Nikauliza kanzu umepewa na nani. Ukasema, "Ni ya sadaka. Mwalimu alizigawa kwa mayatima, na mie nilikuwemo."

Nililia, Bakari. Nililia mbele ya Bi Rukia, mbele ya jirani, mbele ya kuku. Unajua mwenyewe lilivyo zito jambo la kula haki ya yatima, na mie nilikuwa nimemvisha mwanangu haki hiyo, baba yake nikiwa hai na rupia mbili kwenye pindo. Mama yako hakuitaka ile kanzu. Ulipoileta alimpelekea mwalimu habari kwamba mtoto huyu ana baba. Mwalimu, ambaye naye hakuwa na raha na eda ile, akamjibu kwamba basi eda hii ni ya nini, eda ya mume aliye hai haimo katika kitabu chochote. Mama yako akamrudishia jibu, "Na mjane wa mume aliye hai yumo katika daftari. Likifutwa hilo la daftari, nami nitaivua hii, na kanzu itarudi." Hakumdanganya mtu hata mara moja. Waliomuuliza kama nimekufa aliwaambia waende wakamuulize karani. Waliokuwa karibu walijua ni ugomvi, waliokuwa mbali wakaleta kuku.

Nilikwenda kwanza kwa mwalimu, maana nilikuwa na hofu kubwa kuliko kodi. Kusema mke wangu hana mume, je, si nimemwacha? Akaniuliza, "Uliponena neno lile, ulinuia talaka?" Nikasema, "Wallahi, mwalimu, nilinuia rupia mbili tu." Akasema ndoa yangu ipo, haikuguswa, lakini angekuwa mie angetamani kuwa na nia bora kuliko hiyo. Sijapata kusikia hotuba iliyonifika kama maneno hayo.

Kesho yake nikaenda kwa mudiri, baraza limejaa watu. Nikasema kwa sauti: mimi Saidi bin Omari, ile nyumba ni yangu, yule bibi ni mke wangu, yule mtoto ni mwanangu, na nilisema uongo. Watu walicheka, wengine walitazama chini. Mudiri naye angeweza kunifunga, akaniokoa kwa kunilipisha tu, ya mwaka ule na faini juu yake. Karani akakata neno mjane kwa mstari mmoja, akaandika jina langu pembeni. Nikakiomba cheti nikakishika kwa mikono miwili. Kwa mwalimu nikapeleka kanzu tatu mahali pa ile moja.

Nikarudi mbio na cheti changu. Bi Rukia akakipokea akakiingiza ndani. Kisha akatoka akaniambia, "Anasema ahsante. Eda imebaki siku kumi na tisa. Ataimaliza."

"Lakini daftari limefutwa! Mwenyewe alisema!"

"Amesema alisema. Na sasa amesema hivi."

Basi nikalala barazani kwangu siku kumi na tisa. Msimu wa mbu. Waliokuwa wakipita kwenda msikitini wakinisalimu, "Marehemu, umeamkaje?" nami nikiitikia, nifanye nini? Wewe ulikuwa ukinitolea chakula, sahani moja, na ukikaa kula nami. Siku ya tatu au ya nne ulianza kuegemea bega langu. Siku ya kumi ulilala mapajani. Zile siku kumi na tisa, mwanangu, nilizoziona adhabu, leo nikikaa peke yangu ndizo ninazomshukuru Mungu kwazo zaidi ya siku zote za ubaba wangu. Kabla ya hapo mie nilikuwa mtu wa kuja na kwenda na zawadi. Ungenijua kwa zawadi tu.

Siku ya mwisho alitoka. Ameoga, amepaka wanja, udi unanukia mpaka njiani. Alisimama kizingitini akautazama ule ukuta wa mbele ambao nilikuwa nimeuacha nusu, na neno lake la kwanza baada ya miezi minne na siku kumi lilikuwa, "Fundi, lipu yangu utaimaliza lini?"

Niliimaliza siku ile ile. Jioni nikamuuliza kwa nini aliendelea baada ya cheti, alitaka kuniadhibu? Akasema hapana. Akasema, "Yule aliyesimama pale nje akasema mie mjane, nilimpenda. Amekufa. Nilikuwa na haki ya kumkalia eda mpaka mwisho. Wewe karibu ndani."

Hivyo ndivyo mie ninavyoishi humu ndani, Bakari. Niliyekaribishwa. Najua watu wanasema namwogopa mama yako. Waache. Namshukuru, na shukrani ya namna hii kwa mtu wa pembeni inafanana na woga.

Tangu mwaka ule vyeti vyangu vyote anaviweka yeye, ndani ya kile kisanduku chake cha udi. Nikisafiri ananipa cha mwaka ule. Mwaka wa kwanza niliporudi Tanga nacho, yule yule mtu wa akida alikipokea, akakisoma, kisha akakinusa. Akacheka sana. Akasema, "Hiki kweli kimetoka kwa mkeo." Kodi ya kibanda changu cha kule alinilipisha vilevile, maana sheria ilikuwa imegeuka, huku walitaka ya nyumba ya huku na kule ya nyumba ya kule, na cheti cha Malindi hakikunifutia ya Tanga. Nililipa zote mbili. Iliuma, sitakudanganya, nami nikalinung'unikia jua na mvua. Lakini hakuna aliyeniuliza tena kama nimekufa. Unguja hawakuwa na habari na kibanda changu, walitaka tu kujua mie ni mtu wa wapi, na kila nilipojibu Malindi nilikuwa na karatasi ya kuniunga mkono. Wewe uliza mapema kila ufikapo: hapa mnanihesabu mgeni au mwenyeji, na kuanzia lini? Usingoje wakujie. Ukiuliza wewe unakuwa mtu muungwana, wakiuliza wao unakuwa mshitakiwa. Zile serikali zina mambo yao na sijui watayabadilisha mara ngapi kabla hujawa na mvi, lakini zote zitakuuliza swali moja, kwako ni wapi na ni nani waliomo.

Rupia nilizokulipia Jumatatu utanirudishia, hizo sisamehi. Mizaha yako naisamehe.

Lakini kuna mwingine. Jumatatu jioni uliposema yale maneno yako na ukacheka, mkeo Zuhura alikuwa nyuma ya mlango na sinia la uji. Wewe ulimpa mgongo, hukumwona. Mie nilimwona. Aliliweka sinia chini taratibu, bila hata kijiko kulia, akarudi ndani na lile tumbo lake la miezi sita. Tangu hapo umemsikia akisema nini? Amekufulia, amekupigia pasi, amekupakulia. Wewe umefurahi kwamba umeoa mke mpole.

Leo asubuhi amemwendea mama yako jikoni. Amemwuliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza kipimo cha chumvi: "Mama, eda ni siku ngapi?"

Mama yako ameondoa chungu motoni. Amekwenda chumbani, amekitoa kile kisanduku chake, amevitoa vyeti vyangu vyote akavifunga kwenye leso, na kisanduku kitupu amempa Zuhura pamoja na cheti chako cha Jumatatu. Amemwambia, "Tia humu cha mumeo. Asubuhi akiondoka, kama amekuja kukuomba, mpe. Kama hakuja, mwache aende bila."

Cheti chako cha mwaka huu kiko kwake, Bakari. Usije kwangu kukitafuta. Barua hii nakupa magharibi kwa makusudi, ili uwe na muda wa kuisoma na kuvuka ua. Nenda kamwombe. Na kabla hajakupa atakuuliza kwako ni wapi, maana mama yako kamwambia aulize. Mjibu vizuri.

Ni mimi baba yako, niliye hai,
Saidi bin Omari, mwashi, wa Malindi, wa nyumba ya Mwanaidi mama yako.